Injini Iacheni Chini, Inueni Gari

Muulize fundi yeyote wa chini ya mwembe namna ya kutoa injini, naye atatazama juu kabla hajajibu. Anatafuta tawi. Tawi likipatikana, cheni bloku inaning'inizwa, injini inafungwa mnyororo, vijana wawili wanavuta na wa tatu anawaelekeza kwa sauti ya nahodha. Njia hiyo imetoa injini nyingi salama, na mwembe unastahili heshima yake. Lakini kama gari lako ni Mini ya zamani, ile ya Kiingereza yenye magurudumu ya inchi 10, nakuomba uuache mwembe uzae maembe. Injini ya Mini ibaki chini, imekalia fremu yake. Kinachoinuliwa ni gari.

Ushauri huu umo kwenye umbo la gari lenyewe. Mini ilizinduliwa Agosti 1959, kazi ya Alec Issigonis wa kampuni ya BMC, baada ya mgogoro wa Suez wa 1956 kuwafanya Waingereza watamani gari linalonusa petroli badala ya kuinywa. Lina urefu wa mita 3 na kidogo. Ili watu wanne waenee humo, Issigonis aliilaza injini kiubavu, akaweka giaboksi chini yake ndani ya sampo, zote mbili zikaoga oili moja, na rejeta akaisukumia ubavuni. Majaribio yakaonyesha kwamba bodi inachanika pale inapobeba mzigo wa injini na magurudumu, ndipo ikaongezwa fremu ya chuma mbele na nyingine nyuma. Hiyo ya mbele, sabufremu, imeshika injini, giaboksi, shafti, mikono ya magurudumu na breki. Kila kizito cha mbele kimo ndani ya furushi moja lililofungwa kwenye bodi kwa boliti chache. Kwa nini basi uanze kulifungua furushi gari likiwa limekulalia kichwani?

Kabla ya spana kuna maneno. Mwenzi wako, mwenye nyumba, au mama mkwe kama anaishi hapo, aambiwe ukweli mzima: ua utakuwa gereji kwa wikendi kadhaa, nguo zitaanikwa kwingine, na gari litasimama bila pua. Usimwambie mtu "nafungua kidogo tu". Ukishasema hivyo, kila jioni utaulizwa ile kidogo imefikia wapi, na utakuwa huna jibu lenye heshima.

Uwanja uwe tambarare na wenye sakafu ya saruji. Kwenye mchanga jeki huzama upande mmoja, na gari huifuata. Stendi za chuma ni za lazima, nne zikiwezekana. Tofali la saruji halitoi onyo, linapasuka tu, na aliye chini hapati nafasi ya kulalamika. Katika mwongozo huu wote hakuna hatua hata moja inayoruhusu mtu kuingia chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake.

Kisha makopo. Kusanya ya maziwa, ya kahawa, na vibakuli vilivyopoteza vifuniko, uandike juu ya kila kimoja: boneti, rejeta, fremu mbele kushoto. Piga picha kila waya kabla hujaugusa, halafu rudi hatua moja nyuma upige tena, maana picha ya karibu haionyeshi waya unakotoka. Watoto wapewe sumaku na cheo cha kuokota nati zinazodondoka. Mtoto mwenye cheo hageuzi nati zako kuwa kete za bao.

Majirani watakuja wenyewe. Sauti ya nyundo juu ya chuma inatosha kuwaita. Atakuja mzee mstaafu ambaye zamani aliwahi kupanda gari kama hili, atakuja kijana wa bodaboda anayejua kila kitu kuhusu injini ya silinda moja, na atakuja yule ambaye neno lake la kwanza ni "hapo umekosea". Wote wape kiti. Sisemi hivi kwa adabu tu: siku ya kuinua bodi utahitaji migongo minne, na migongo haipatikani kwa mtu aliyewafukuza watu jana. Mzee apewe kazi ya kushika taa. Wazee hushika taa vizuri, kwa kuwa wanataka kuona.

Sasa spana, na hapa nitakaa kidogo. Mini ilitengenezwa Longbridge na Cowley, na boliti zake nyingi ni za inchi: 7/16, 1/2, 9/16. Seti ya milimita iliyotoka kwenye buti la Toyota itakulaghai. Spana ya 13 inaingia kwenye nati ya nusu inchi na kubakiza nafasi ya milimita 0.3 tu, na kwa macho unaapa imekaa. Ukiilalia kwa nguvu juu ya nati yenye kutu ya miaka 40, nafasi hiyo ndogo inazila kona zote sita, na kuanzia hapo unahangaika kwa patasi na machozi. Kama uko Dar es Salaam zunguka Gerezani, kama uko Nairobi pita Kirinyaga Road, uliza spana za inchi, na upende zaidi ringi na soketi za kona sita. Za kona kumi na mbili ni za boliti ambazo hazijaona mvua.

Boliti za sabufremu zianze kunyweshwa mafuta ya kulegeza kutu wiki nzima kabla, kila jioni. Zile za nyuma, zinazoingia kwenye sakafu chini ya miguu ya dereva na abiria, ndizo zenye kinyongo. Zinashika nati zilizochomelewa ndani ya bodi, mahali ambapo tairi hutupa maji yote ya barabarani. Nati kama hiyo ikibanduka, boliti itazunguka mpaka kesho bila kutoka, na utalazimika kukata sakafu. Kwa hiyo legeza robo mzunguko, rudisha, nyunyiza, legeza tena. Mkono ukihisi chuma kinajipinda badala ya kuteleza, simama. Wako watakaokushauri kupasha moto, na wana haki, ila wakumbushe kwamba bomba la petroli nalo linapita chini ya sakafu hiyohiyo.

Siku ya kufungua, anza na betri. Kwenye Mini ya kawaida iko ndani ya buti, chini ya sakafu yake. Fungua kwanza waya ulioshikwa na bodi, bila kujali una alama gani, kwa sababu Mini za zamani, hadi mwishoni mwa miaka ya 1960, zilifungwa chanya kwenye bodi. Itoe kabisa. Gari litakapoinama, hutaki tindikali iiname nalo. Petroli nayo iwe kidogo tangini.

Mwaga maji, mwaga oili. Oili ni kama lita 5, na ukiimwaga umemwaga ya injini na ya giaboksi kwa mkupuo mmoja. Iweke kwenye dumu, usiielekeze kwenye mtaro. Jirani mwenye nguzo za mbao na ugomvi na mchwa ataiomba kabla ya jua kuzama. Boneti ichorwe alama kwenye bawaba zake ndipo itolewe, na watu wawili. Grili, rejeta, mipira ya maji na ya hita, vyote vifuate.

Ukifika kwenye distributa, itazame kwa huruma. Kwenye gari la majaribio injini ilitazama upande mwingine, kabureta ikiwa mbele. Ilipogeuzwa, kabureta ikahamia nyuma karibu na ukuta wa abiria, na distributa ikajikuta nyuma ya grili, ikipokea kila tone la mvua linaloingia. Ndiyo maana Mini nyingi za zamani utakuta zimevishwa kipande cha mpira au mfuko wa nailoni mahali hapo. Aliyeufunga alikuwa amezimikiwa na gari katikati ya dimbwi. Toa kofia ya distributa na waya za plagi, toa kabureta, fungua kebo ya mafuta na ya choki, ziba bomba la petroli.

Kebo ya spidi ni mtihani. Upande wa giaboksi imejificha mahali ambapo mkono unaingia lakini macho hayaingii, na nati yake imekaa hapo tangu kiwandani. Kwenye Mini zenye spidomita katikati ya dashibodi kuna njia ya amani: ifungue nyuma ya spidomita, uiache ining'inie kwenye injini, itoke nayo.

Silinda ndogo ya klachi isifunguliwe bomba lake. Toa boliti zake mbili tu, uifunge kwa kamba kwenye bodi ikiwa na mafuta yake ndani. Halafu andika karatasi kwa herufi kubwa, USIKANYAGE KLACHI, uibandike kwenye usukani. Lazima atatokea mtu mzima mwenye akili timamu atakayeingia kukaa kwenye kiti cha dereva, ashike usukani, na mguu wake wa kushoto ujiendee wenyewe. Akikanyaga, pistoni inaruka nje, na utapata kazi mpya ya kumalizia siku.

Fimbo ya kuzuia injini kutikisika, ile inayotoka juu ya injini kwenda ukutani, ifunguliwe. Waya wa ethi kati ya injini na bodi pia. Huo husahaulika sana, na hujitambulisha wakati bodi iko hewani. Kibano cha bomba la moshi pale linapokutana na manifoldi, waya za stata, za dainamo au alteneta, za presha ya oili na joto la maji, vyote viachanishwe. Gia hutegemea umri wa gari: za mwanzo zina kijiti kirefu kinachoingia giaboksi moja kwa moja, za baadaye zina fimbo iliyoshikwa na pini ya kugongwa kutoka chini. Mipira ya breki za mbele ifunguliwe na kuzibwa papo hapo, maana mafuta ya breki yanakula rangi bila kubisha hodi.

Shafti usiziguse. Boljointi usiziguse. Habu, mikono, raba za kubebea gari, vyote viache vilivyo, vinaondoka na fremu. Hapa ndipo njia hii inapoipita ile ya tawi: kazi yote ya kuachanisha shafti na giaboksi ukiwa umelala chali, huku grisi nyeusi ikikudondokea sikioni, haipo. Ni shokomzoba tu zinazoachia kwenye bodi, na tairodi endi zinazotolewa kwenye mikono ya usukani. Tairodi endi iliyong'ang'ania ina dawa yake: legeza nati, usiitoe yote, kisha gonga ubavu wa jicho la mkono kwa nyundo, pigo moja la haraka. Ukigonga ncha ya boliti unaiharibu uzi na yenyewe inabaki imekaa.

Raki ya usukani ina ujanja wake. Imelazwa sakafuni mwa bodi, imeshikwa na vibano vya umbo la U ambavyo nati zake ziko ndani ya gari, chini ya zulia, na sabufremu imepita chini yake. Iache ibaki na bodi. Ila kama ina mchezo au mpira uliochanika, badilisha fremu ikiwa nje, kwa kuwa fremu ikirudi raki haitoki tena mpaka uishushe.

Onyo moja lisilo na mzaha. Baadhi ya Mini, kuanzia 1964 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1970, hazikubebwa na raba kavu. Zilitumia mfumo wa Hydrolastic, wenye majimaji yaliyofungiwa kwa presha kubwa na bomba linalounganisha gurudumu la mbele na la nyuma. Kama chini ya gari lako kuna bomba hizo, presha itolewe kwanza na mtu mwenye kifaa chake. Spana peke yake hapo ni hatari kwa macho na kwa mikono.

Sasa inua. Weka boriti nene ya mbao kukatisha chini ya sakafu, nyuma kidogo ya sabufremu inapoishia, na stendi kila upande. Magurudumu ya nyuma yawekewe vizuizi mbele na nyuma. Magurudumu ya mbele yatoe, ili fremu ikae chini juu ya toroli fupi ya mbao na bodi isihitaji kupanda sana. Injini na giaboksi vina uzito wa takriban kilo 150, na fremu na breki zake zinaongeza, kwa hiyo toroli iwe ya mbao za maana, isiwe ya kubebea maji. Ndipo ufungue boliti za fremu: za mbele, za nyuma sakafuni, na za mwisho zile za juu ya minara, pembeni mwa ukuta wa injini. Kwenye magari ya zamani zina washa za kukunjwa, zikunjue kwanza. Kuanzia 1976 kuna maunti za mpira katikati ya fremu na bodi. Kabla ya hapo ilikuwa chuma kwa chuma, na ndiyo sababu ya mngurumo ule ulioufikiria kuwa ni uzee.

Migongo minne sasa, miwili kila upande. Mtu mmoja tu ndiye anayeongea. Bodi inapanda kiganja kimoja, inasimama, stendi zinaifuata, mzee anazunguka na taa kutafuta kilichosahaulika. Atakipata. Mara nyingi ni ule waya wa ethi, au kebo ya choki. Inapanda tena. Kinachotafutwa ni paneli ya mbele ipite juu ya kifuniko cha valvu, na ikishapita, toroli inavutwa mbele polepole na furushi lote linatoka nje kama mtu anayetoka kwenye hema. Weka stendi, hakikisha bodi haichezi, halafu walishe watu wako pilau. Wameifanyia kazi.

Injini iliyo nje isirudishwe ilivyotoka. Kuna mpira mmoja mfupi, hauzidi kidole, unaounganisha pampu ya maji na kichwa cha silinda. Injini ikiwa ndani, kuubadilisha kunakuna ngozi ya mikono yote miwili. Ikiwa nje ni kazi ya dakika chache. Ubadilishe hata kama unaonekana mzima. Maunti za injini, raba za fimbo ya kuzuia mtikisiko, bushi za mikono ya chini, sili zinazovuja, klachi kama imechoka, vyote ni vya sasa. Sabufremu ikwanguliwe mpaka chuma cheupe, ikaguliwe kutu pale bati lilipokunjwa, ipakwe rangi ya kuzuia kutu kisha nyeusi. Nairobi, kwenye mashindano ya Concours d'Elegance, majaji hutazama hadi uvunguni mwa gari, lakini hata kama hutalipeleka gari lako kwa jaji yeyote, wewe mwenyewe utajua kilichopo chini.

Kurudisha kunahitaji subira kuliko nguvu. Safisha uzi wa kila boliti na kila nati, upake grisi kidogo. Waya zote, kebo zote na mipira ifungwe kamba juu, mbali na njia ya injini. Toroli inaingia, bodi inashuka kiganja kwa kiganja, na mtu mmoja kila upande anatazama mnara unavyoelekea tundu lake. Kanuni ya hapa ni moja na haina ubaguzi: boliti zote za fremu ziingie kwa vidole kwanza, kila moja mizunguko kadhaa, kabla hata moja haijakazwa. Ukikaza ya kwanza mpaka mwisho, ya mwisho itakukuta milimita 5 nje ya tundu lake, na mtaanza kuisukuma injini kwa magoti. Legeza pia vibano vya raki kwa muda, ili nguzo ya usukani ijipangie njia yake bila kulazimishwa, halafu uvikaze fremu ikishatulia.

Breki zitolewe upepo mpaka kanyagio liwe gumu, nawe ulijaribu mwenyewe, usiambiwe. Oili mpya, maji, ethi. Usikimbilie kuwasha. Toa plagi zote, zungusha injini kwa stata mpaka taa ya oili izime au mshale wa presha upande, ndipo urudishe plagi. Pampu iliyokaa kavu wiki kadhaa haistahili kuamshwa na injini inayonguruma juu yake. Injini ikishika, kuna moshi na harufu ya rangi mpya inayoungua kwenye manifoldi, nayo hupita. Usichopuuza ni tone lolote la petroli. Tazama kabureta na bomba lake kabla hujawaita watu waje kusikiliza.

Kabla ya barabara kuu, pima mwelekeo wa magurudumu ya mbele. Mini inataka yafunguke mbele kidogo, 1/16 ya inchi, yaani milimita 1.6 hivi, tofauti na magari mengi ambayo mpimaji wako amezoea, kwa hiyo mwambie mapema asije akayafunga kwa mazoea. Zunguka mtaa kwa mwendo mdogo, rudi, acha injini ipoe. Baada ya kilomita mia mbili hivi lala tena chini ya gari, likiwa juu ya stendi, uipitie kila boliti ya sabufremu kwa spana ileile ya inchi. Anza na zile za minarani, kwa kuwa raba mpya hujikalia na kuacha nafasi, kisha shuka kwenye zile za sakafuni.